Ufa ni wa Nani? Wajibu wa Kutunza Nyumba katika Ploti za Kaptembwo

Utunzaji wa nyumba huhesabiwa kuwa kazi ya saruji, misumari na mabati, lakini kabla ya fundi kuitwa sharti mtu akubali kwamba kasoro iliyopo inamhusu, na kukubali huko ni suala la maadili. Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta huchukulia kuwa anayeuona ufa, awezaye kuuziba na atakayeulipia ukuta ni mtu mmoja. Katika Kaptembwo, mtaa wenye msongamano ulio magharibi mwa jiji la Nakuru, mambo hayo matatu mara nyingi yamegawanyika.

Ploti, yaani kiwanja chenye safu za vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja, huwaunganisha watu wengi kwa choo, bomba na paa. Mpangaji ndiye huona maji yakichuruzika ukutani, ilhali mwenye ploti huenda anaishi kwingine na hupata habari za nyumba yake pale tu kodi inapochelewa. Ardhi yenyewe haisamehe uzembe: udongo wa Nakuru umetokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano, huchukuliwa na maji kwa urahisi, na mvua kubwa zimewahi kufungua mipasuko ardhini. Kwa hiyo mfereji wa paa ulioziba, unaomwaga maji kwenye msingi, ni hatari kuliko unavyoonekana.

Mapokeo ya dini yamelitafakari suala hili la wajibu kwa njia mbalimbali. Kumbukumbu la Torati 22:8 humtaka ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije akabeba hatia ya damu mtu akianguka; hapo wajibu hutangulia madhara, na mwenye nyumba hangoji kulalamikiwa. Mambo ya Walawi, sura ya 14, huanza na taarifa: mwenye nyumba aonapo madoa ya ugonjwa ukutani humwendea kuhani, nyumba hufungwa siku saba, mawe yenye madoa hung'olewa na kuta hukwanguliwa, na madoa yakirudi nyumba hubomolewa. Katika fikihi ya Kishafii, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu kwa madhehebu yaliyoenea Afrika Mashariki, nyumba iliyopangishwa ni amana mikononi mwa mpangaji, ukarabati ni juu ya mwenye mali, na asipoufanya mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba.

Hiari hiyo, hata hivyo, ina thamani kwa mwenye pa kuhamia. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya makazi ya kutosha na usafi wa kiwango kinachofaa, lakini mpangaji huweza kunyamaza akihofia kwamba chumba kikikarabatiwa kodi itapanda. Ukimya huo si uvivu, ingawa gharama yake humrudia yeye.

Basi ni haki wajibu ugawanywe kwa ujuzi na uwezo, si kwa hati ya umiliki peke yake. Aonaye ana wajibu wa kusema: aweke alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa, apime kama unakua, na atoe taarifa upesi iwapo unapita mshazari kutoka pembe ya dirisha na kukata matofali, kwa kuwa huo hutofautiana na mpasuko mwembamba wa lipu. Mwenye uwezo ana wajibu wa kutenda: asafishe mifereji kabla ya mvua ndefu za Machi, na akubali kwa maandishi kwamba matengenezo madogo yaliyolipwa na mpangaji yatakatwa kwenye kodi. Aishiye mbali hawezi kujitetea kwamba hakuambiwa, ikiwa yeye mwenyewe hakuweka njia ya kuambiwa.