Waliovunjika Hawako Uwanjani

"Sisi tulipigwa na tukawa watu." Ukikulia Ukunda, sentensi hii umeisikia kwa mwalimu, kwa fundi wa gereji, kwa mjomba, na kama ulicheza chochote, kwa kocha. Nilipoacha chuo niliisikia hata kwa watu ambao chuo chenyewe hawakukiona: wao walivumilia, mimi ni nani nisivumilie? Ya chuo tuyaache. Swali langu ni hili: mtu akishaumia mahali, maumivu yale yanampa haki ya kumtuma mwingine palepale?

Wanaobanwa zaidi na swali hili ni makocha waliocheza mbele, kule kwenye kugongana. Kwenye futiboli ya Kimarekani kuna wanaume watano wa mstari ambao kazi yao ni kumkinga mwenye mpira kwa miili yao. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kudaka pasi ya mbele. Mpira unapita, wao wanabaki chini ya rundo la watu.

Mike Webster alikuwa mmoja wao. Alianza na Pittsburgh Steelers mwaka 1974 na akachukua ubingwa nao mara nne. Mwaka 1989 Kansas City Chiefs walimchukua awe kocha wa mstari. Ukocha haukukaa sana. Akavaa jezi tena, akacheza misimu miwili zaidi, jumla 17. Alikufa 2002 akiwa na miaka 50, akili imeshavurugika, baada ya kipindi cha kulala ndani ya gari lake. Bennet Omalu, daktari Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi Pittsburgh, ndiye aliyeuchunguza ubongo wake na kukuta uharibifu wa kichwa kilichogongwa miaka na miaka. Lakini vijana waliomkuta Kansas City mwaka ule waliona nini? Jabali. Mtu aliyepigwa akawa mtu.

Kwetu mchezo wa karibu na huo ni raga, na kocha anayenijia kwanza ni Benjamin Ayimba. Alikuwa fowadi, akawa nahodha wa Kenya, halafu kocha wa timu ya wachezaji saba. Mwaka 2009 aliifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai. Aprili 2016 wakaipiga Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore. Watu wanakumbuka mbio za Collins Injera, na ni haki yao. Mimi nikiirudia ile mechi namtazama nahodha Andrew Amonde, fowadi mwenzake Ayimba, akiruka kugombea mpira ili wengine wakimbie nao. Malaria ilimchukua Ayimba Mei 2021, akiwa na miaka 44.

Fowadi akiwa kocha, ana kitu ambacho winga hana: anajua hasa ni wapi panauma. Sasa ujuzi huo autumie vipi?

Tembea mashamba ya Msambweni umtafute mkwezi mzee aliyewahi kuanguka kutoka kwenye mnazi. Akimfundisha kijana kukwea, hamwambii "mimi nilianguka, nawe utaanguka, ndiyo kazi." Anamwonyesha ngazi iliyokatwa vibaya kwenye shina, na kuti lililokauka ambalo halishikwi. Mguu wake mbovu ndio somo. Hakuna anayeuona kuwa ni cheti cha kuwavunja wengine.

Najua kuna jibu. Raga si bao. Kijana asiyewahi kuangushwa hawezi kucheza, na kocha anayemhurumia kupita kiasi anamtayarishia jeraha kubwa zaidi. Nakubali. Kuna maumivu ambayo ni kazi yenyewe: mapaja yanayowaka, mabega yaliyochubuka. Kumfundisha kijana aweke kichwa nyuma ya kiuno cha anayemwangusha, si mbele, kunahitaji kurudiwa mara mia, na mara kadhaa ataumia. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni na ushahidi. Anayesema "tulipigwa na tukawa watu" anahesabu waliobaki tu. Wale waliovunjika shingo, waliopoteza kumbukumbu, walioacha shule kimya kimya, hawashiki filimbi. Kocha akijitolea mfano mwenyewe, anatuonyesha nazi moja iliyofika sokoni na kusema shamba zima lilizaa.

Na swali hili halingoji Marekani. Huku Diani kuna klabu ya raga, South Coast Pirates, na jioni pwani utakuta vijana wakifukuzana na mpira wa yai mchangani. Sheria ya raga inasema mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo atoke na asirudi siku hiyo. Sawa. Lakini chukua mechi ya mtaani isiyo na daktari. Kijana amegongwa, amesimama, anasema yuko fiti, ila anauliza mabao ni mangapi kwa mara ya pili. Anayeamua ni kocha peke yake. Zimebaki dakika kumi, na kwenye benchi aliyebaki ni dogo wa kilo hamsini.