Umoja wa Kitu Kinachobadilika

Kitu kikitengenezwa hata viungo vyake vingi vimebadilika, je, ni kile kile, au ni kingine kilichorithi jina? Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alisimulia kuwa Waathene walilitunza jahazi la Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, na wanafalsafa wakagawanyika juu yake. Mwaka 1655 Thomas Hobbes aliliongezea swali uzito: mtu akiziokota mbao zilizotupwa, akaziunga kwa taratibu yake ya kwanza, jahazi la kweli litakuwa lipi?

Swali hili halikosi makao Ziba, wilayani Igunga, mkoani Tabora. Na uchukuliwe mfano wa mtu aliyewaachia wanawe wawili baiskeli moja ya mashindano ya zamani, Raleigh ya Nottingham, yenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo dume. Mkubwa ataka iende. Mdogo ataka ibaki ilivyo. Raleigh iliacha kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002, basi tegemeo ni maduka ya jirani na fundi wa chini ya mti. Dukani mna mipira ya baiskeli za mizigo, ya rimu za milimita 635. Rimu nyingi za mbio za Kiingereza za zamani zilikuwa za milimita 630. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini mpira haushiki. Rimu hubadilishwa, kisha spoku, kisha cheni, na breki zisizolingana na rimu mpya nazo huondoka. Kila kinachotupwa mdogo hukiokota. Nani ana baiskeli ya baba?

Mdogo asema kuwa kitu ni chuma chake. Hoja hii ikifuatwa hadi mwisho, hata baba hakuwa na baiskeli moja, maana naye alibadilisha mipira kila ilipolika. Mkubwa asema kuwa kitu ni kazi yake. Nayo ina upungufu: baiskeli mpya ya dukani ingefanya kazi hiyo hiyo, wala hakuna ambaye angeiita ya baba.

Jibu lililo karibu zaidi na haki lilipita zamani katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Mpagazi mmoja aliugua, mwingine alitoroka, wa tatu alifariki. Wengine walishika mizigo yao, na msafara ukaitwa ule ule. Umoja wake ulikuwa katika kupokezana. Kadhalika baiskeli: kiungo kipya huingia kupokea kazi ya cha kale, hali vingine vingali mahali pake. Kwa hiyo mkubwa ndiye mwenye baiskeli. Mdogo ana ushahidi wake.

Walakini ushahidi si takataka. Mpokeaji ana deni la kukiri alichopokea na alichobadilisha. Siku mkubwa atakapotaka kuiuza kwa sifa ya ukale, vyuma vilivyo mkononi mwa nduguye vitamshitaki akinyamaza, na vitamtetea akisema kweli. Mabadiliko hayakiharibii kitu umoja wake. Uongo juu ya mabadiliko humharibia mwenye kitu umoja wake mwenyewe, kwani ulimi wake huwa umeachana na moyo wake. Rimu iliyopotea hupatikana dukani. Uaminifu uliopotea hauna duka.