Sarafu ya Babu na Kasoro Yangu



Likizo iliyopita nilimsaidia babu mmoja wa jumuiya yetu kupanga chumba chake. Ujanani alikuwa baharia, na chini ya kitanda ana kopo la maziwa lililojaa sarafu za nchi alizofika. "Frateri, hizi hazinunui hata andazi," akaniambia. "Ukizitaka zote, nipe elfu tano ya dawa."

Nikazimwaga mkekani. Kati yake palikuwa na senti moja ya Marekani ya mwaka 1955. Moyo ukanidunda, maana habari zake nilikuwa nimezisoma. Mwaka ule, katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, muhuri mmoja wa chuma ulitengenezwa vibaya: alama zake ziligandamizwa mara mbili bila kulingana. Senti zilizopigwa kwa muhuri huo zikatoka na mwaka na maandishi pacha upande wenye sura ya Lincoln, hata kwa macho makavu unaona. Zipatazo 20,000 ziliingia mitaani. Leo moja iliyo halisi huuzwa zaidi ya dola 1,000.

Kwenye ya Babu niliona tarakimu ya mwisho ina kivuli. Sikusema kitu. Nikatoa shilingi 5,000, nikabeba kopo, nikaaga.

Njiani nikaanza kujitetea. Bei kaitaja mwenyewe. Sijamwambia uongo hata neno moja. Na yule mtu wa Injili aliyegundua hazina shambani, si alinyamaza akalinunua shamba?

Hoja nzuri, si ndiyo? Shida ni kwamba nilishamsoma Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae anafundisha kwamba muuzaji asifiche kasoro ya bidhaa yake, halafu anamgeukia mnunuzi: mtu akikuuzia dhahabu akidhani ni shaba, na wewe unajua, umemdhulumu na unapaswa kumrudishia. Naye Mtakatifu Agustino anasimulia juu ya mtu aliyemfahamu, aliyeuziwa kitabu kwa bei ya chini na mtu asiyejua thamani yake. Akamlipa bei ya haki, ingawa mwenyewe hakuitarajia.

Nadhani sababu ni hii: "ndiyo" ya mtu asiyejua anachouza bado si "ndiyo" kamili. Na kunyamaza kwangu kulifanya kazi ileile ambayo uongo ungefanya. Kuhusu lile shamba, mfano ule unasifu furaha ya mtu aliyeuza vyote alivyo navyo. Mimi sikuuza chochote. Nilitoa elfu tano nikabaki na siri.

Usiku nikaichunguza kwa lenzi. Maandishi yote yalikuwa safi. Ni ile 5 ya mwisho tu iliyokuwa na kivuli. Basi, nikajua. Hiyo ni aina nyingine ya mwaka uleule, iliyotokana na muhuri uliochakaa kwa kazi, na bei yake ni ndogo sana. Nilicheka peke yangu. Kisha kicheko kikakatika.

Deni la fedha sikuwa nalo. Elfu tano ilimtosha Babu kabisa. Lakini uamuzi wangu niliufanya nikiamini kwamba namnyima mzee mgonjwa hela nyingi. Wajuzi wa sarafu huuliza kwanza: kasoro hii imetoka kiwandani, au imepatikana baadaye kwa kukwaruzwa na kugongwa? Ya kiwandani huweza kupandisha bei, ya baadaye huishusha. Mimi nilijua yangu ni ya aina gani. Muumba hakuniumba nayo. Niliikwaruza mwenyewe, mchana kweupe, mkekani kwa Babu.

Kesho yake nikarudi. "Shikamoo, Babu." Nikamweleza yote. Akanitazama kitambo, kisha akauliza: "Na ingekuwa ile yenyewe, Frateri, ungerudi?"

Nilitaka kujibu "ndiyo" haraka. Ulimi ukawa mzito. Swali hilo nimelipeleka kwenye kitubio, na bado natembea nalo.

Nawe, rafiki, wiki hii ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, au kiwanja kwa mama asiyejua kwamba barabara inapita pale, jiulize: najua nini ambacho yeye hajui? Mwambie kwanza. Halafu ndipo mpatane bei.

Tuombeane.