Kimo cha Sauli



Katika 1 Samweli sura ya 10 twasoma jinsi Sauli alivyochaguliwa kuwa mfalme. Kura ilipomwangukia hakuonekana. Alikuwa amejificha kati ya mizigo. Walipomtoa, wakaona amewapita watu wote kwa urefu, mabega na kichwa, wakapiga kelele za furaha. Hatusomi kwamba mtu ye yote alimwuliza kwa nini alijificha.

Habari hii yatukumbusha Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1987. Kimo chake ni futi 7 na inchi 3. Hapa Sumbawanga labda mlango wa kanisa tu ndio angeupita bila kuinama. Alijifunza mpira wa kikapu akiwa kijana, akaenda Marekani, akasifiwa katika Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kuizuia mipira ya wapinzani. Mwezi Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchukua, wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka ule. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya huko, NBA. Tulishangilia, hata sisi tusiojua kwamba timu huingiza watu watano uwanjani.

Lakini Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, alishushwa ligi ya chini. Mpaka siku ile hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, 2012 Portland, kisha Oklahoma City mpaka 2014. Baada ya hapo hakucheza tena ligi kuu. Waliochaguliwa nyuma yake, kama James Harden na Stephen Curry, wakawa mashuhuri, na watu wakamhesabu yeye kuwa ameshindwa.

Naye hakuacha kucheza. Alikwenda Yokohama, Japani. Mwaka 2019 akarudi ligi ile ile ya chini, akiwa na timu ya Fort Wayne. Mwaka 2020 akaenda Taiwan, umri wake miaka 33. Kwa mtu aliyekwisha kushangiliwa na nchi nzima, kwenda kuanza upya ugenini si jambo jepesi. Sisi tunaona kazi yake ya miaka hii yastahili heshima kuliko siku ile ya 2009, ambayo kimo kilimsaidia sana.

Ndugu zetu, tunasema haya kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Yuko kijana wa mtaa wetu aliyeimba kwaya, mwenye sauti na akili, ambaye tulimwombea mbele ya madhabahu alipokwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Alirudi baada ya miaka minne na mfuko mmoja. Siku alipokuja ibadani, kabla hata ya kumwamkia, baadhi yetu tulimwuliza amekuja na nini. Wengine wakacheka. Tangu hapo hatujamwona kanisani. Mama yake anasema analima ulezi, na jioni hukaa jikoni wageni wakifika.

Jumapili ijayo baada ya ibada tunakwenda kwao, wazee wa kanisa na wanakwaya. Atakayefuatana nasi avae nguo nzito, maana upepo wa kule juu ni mkali, na tutarudi usiku.