Mchezo Ukisimama

Katika maigizo shirikishi, kipande ninachokipenda kuliko vyote ni pale mchezo unaposimama. Ndugu wawili wamegombania shamba mpaka panga limeinuliwa, mara mwongozaji anaingia kati na wachezaji wanaganda hapo walipo. Anawageukia watu: “Wazazi, ndugu, sasa tufanye nini?” Wanacheka, wanasukumana. Kisha mama mmoja wa nyuma anamkabidhi jirani mtoto, anaingia uwanjani, anamwondoa mchezaji na kushika nafasi yake. Tangu hapo hakuna anayejua mchezo utaishaje, na wachezaji wenyewe hawajui.

Huku Fizi, mashariki mwa Kongo, tuliyazoea maigizo haya wakati wakimbizi wanarudi. Oktoba 2005 UNHCR ilianza kuwavusha ziwa kutoka Kigoma mpaka Baraka, watu waliokuwa wamekaa Nyarugusu na Lugufu kwa miaka mingi. Wengi walikuta shamba la baba linalimwa na mwingine, ambaye naye ana watoto wa kulisha. Shirika la Search for Common Ground, lenye studio ya Centre Lokole, lilitumia maigizo ya namna hiyo katika Kivu Kusini. Wachezaji hufika mapema, hupita kwa chefu, kisha sokoni na ufukweni, huuliza watu wanagombania nini. Jibu linageuzwa mchezo usiotaja jina la mtu. Kwa kijiji cha wavuvi, siku nzuri ni za mwezi mkubwa: taa hazivuti ndagala, mitumbwi imelala mchangani, wanaume wapo.

Mbinu yenyewe ni ya Augusto Boal, Mbrazili aliyefariki 2009. Mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1973, akiwa Peru, mwanamke mmoja alimwambia mchezaji afanye nini. Mchezaji akafanya, mama akakataa. Akarudia, mama akazidi kukasirika. Boal akamwambia basi apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Akapanda. Mimi nampa mama yule nusu ya sifa, ingawa jina lake halimo vitabuni.

Nilichojifunza uwanjani ni kwamba neno lina mwenyewe. Ukisema shamba lirudishwe, umeonekana uso, na jirani yako atakuuliza palepale: lirudi kwa nani, na mihogo iliyomo ni ya nani? Huwezi kusema ukakimbia. Kesho utakutana naye kisimani.

Sasa angalia sauti zinazoingia kwenye simu zetu usiku. Mtu asiyejitaja anasema, kwa uhakika mkubwa, kwamba kijiji fulani kimevamiwa na kabila fulani linajiandaa. Mwaka 2020, komini ya Minembwe, inayobishaniwa na makabila ya huku kwetu, ilipozinduliwa mwishoni mwa Septemba na Rais Tshisekedi akaufuta uamuzi huo mwanzoni mwa Oktoba, sauti za namna hiyo zilitoka pande zote. Nyingine zilitoka kwa watu walioko Ulaya na Marekani, ambao nyumba yao haitachomwa na jibu la sauti hiyo. Aprili mwaka huohuo WhatsApp ilikuwa imeweka kizuizi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi upelekwe mahali pamoja tu kwa mara moja. Kasi inapungua hivyo, lakini aliyesema bado hajulikani.

Sitaki kuisingizia simu kila kitu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 serikali ilikata intaneti karibu wiki tatu, na uvumi haukufa; ulirudi kutembea kwa miguu na kwa pikipiki. Ila ulifuatilika. “Nani kakwambia?” “Shemeji.” Unakwenda kwa shemeji, anakutuma kwa fundi baiskeli, na saa mbili baadaye mzigo wote unaishia kwa mlevi mmoja.

Tena simu imewapa vijana wetu wa maigizo watazamaji ambao sisi hatukuwaota. Kipande kinachochezwa Mboko asubuhi, jioni kinachekesha watu Nyarugusu, na ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanakidai kingine. Wakati mwingine wanatuma pesa ya mavazi. Ndiyo maana nilipowaambia vijana fulani waache kupiga video, walinitazama kama mzee anayekataza mvua.

Hoja yangu haikuwa mchezo. Ilikuwa yule baba anayeingia uwanjani na kukiri mbele ya majirani kwamba aliuza kiwanja cha mdogo wake. Majirani wanamjua: wanajua pia mwaka ule mke wake alikuwa hospitali na ni nani alimkopesha. Kata maneno yake sekunde thelathini, yapeleke Kigoma na Texas, amebaki mwizi. Mara hii neno lina mwenyewe, lakini halina tena watu wanaolielewa. Baba wa pili atakayeona hayo hatainuka.

Kijana mmoja akanijibu: “Baba, bila huyo anayekiri, video haina mtu wa kuiangalia.” Kweli tupu, na sikuwa na jibu. Tukabishana mpaka tukapatana: wapige mpaka mwongozaji asimamishe mchezo, ukisimama, simu mfukoni, ya kila mtu.

Siku ya mchezo vijana walishika ahadi. Simu iliyobaki hewani mpaka mwisho, na taa yake inawaka, ilikuwa ya chefu.