Nadhiri Ndogo Iliyotimizwa





Mwezi huu napenda tuseme habari ya kutunza miili yetu, nami nitaanza na dhambi yangu mwenyewe.

Mwaka jana mganga alinipima, akaniambia shinikizo la damu limepanda, na kwamba imenipasa kufanya mazoezi. Sikukawia. Siku ya Mwaka Mpya, baada ya Misa, nilisimama mbele ya vijana wa kwaya nikatangaza kwamba kila Jumamosi nitapanda nao mlima Loleza mpaka kileleni. Walipiga makofi sana. Ninyi wa Mbeya mwaujua mlima huo: mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele kile kimepita mita 2,600. Nami kwa miaka mingi safari yangu ndefu ya miguu ilikuwa kutoka nyumbani mpaka sakristia.

Jumamosi ya kwanza njia ilikuwa na utelezi wa mvua. Hatukufika hata nusu. Pumzi iliniishia, nikateleza, goti likavimba, vijana wakanishika mikono kunirudisha. Goti lilipona kwa majuma mawili. Lakini Ijumaa moja kijana mmoja aliniuliza kwa heshima, “Baba, kesho tunakwenda?” Nikamjibu kwamba nina kikao. Sikuwa na kikao chochote.

Tazameni basi, ndugu zangu. Goti halikuwa hasara kubwa. Nadhiri iliyozidi nguvu zangu ilinifanya mwongo kabla mwezi haujaisha.

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara (Luka 14:28-30). Hakumlaumu kwa uchache wa mali yake. Alitaka apige hesabu kabla ya kuweka msingi, asije akawa kichekesho cha wapita njia. Naye Mhubiri (5:4-5) atuonya kwamba nadhiri isiyotimizwa ni mbaya kuliko kutokuweka nadhiri kabisa.

Wengine wataniuliza, “Mbona John Stephen Akhwari hakuhesabu?” Ni kweli, katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 Mtanzania huyu alianguka katika mbio za maratoni, akaumia goti, akafika wa mwisho na bandeji mguuni, nasi twamheshimu hata leo. Lakini alikuwa mkimbiaji aliyekomaa, mwenye mazoezi ya miaka. Anayeanza leo asianze na goti la Akhwari. Aanze na zile asubuhi ambazo hakuna aliyempigia makofi.

Aliyenifundisha kuhesabu ni bibi mmoja wa parishi yetu, ambaye huja kanisani kwa miguu akipanda kilima. Nilimwuliza awezaje. Akasema, “Baba, mimi nikitoka nyumbani siji kanisani. Nakwenda mpaka kwenye mti. Nikifika napumzika, kisha nautazama mti mwingine.”

Basi nikaanza upya: kutembea dakika 10, siku 5 kwa juma. Kila baada ya majuma mawili niliongeza dakika 5. Miezi miwili ilipotimia nilikuwa natembea dakika 30, yaani dakika 150 kwa juma, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wasipungukiwe.

Kipimo cha mwendo ni rahisi. Ukiweza kuimba wimbo mzima, kaza mwendo. Usipoweza kuzungumza na mwenzio, punguza. Hewa ya nyanda zetu ni nyepesi, kwa hiyo aliyetoka Kyela au Dar es Salaam ajipe siku chache. Ndugu wa Iringa wasianze na ule mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini. Watafute tambarare kwanza. Mvua ikinyesha, zunguka ndani ya ukumbi. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya kifua amwone mganga kabla ya kuanza. Na ukikosa siku moja, usiilipe kwa kujiumiza kesho yake, endelea ulipoishia. Mkulima anayeshinda na jembe hanihitaji mimi. Nasema nasi tunaokaa: makarani, walimu, wenye maduka, madereva, na mapadri.

Mungu mwenyewe hutupimia hivyo. Eliya alipolala chini ya mti jangwani akiwa amechoka hata kutamani kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili; ndipo safari ndefu ya Horebu ilipoanza.

Yule kijana nilimwita nikamwambia ukweli. Aliinama kidogo, kisha akasema, “Basi, Baba, tutembee.” Twatembea mpaka leo. Kilele cha Loleza bado sijakiona.

Mwezi huu, kila mmoja achague jambo moja analoliweza hata katika siku mbaya, amwambie mtu mmoja tu, alishike mpaka mwisho wa mwezi. Ndipo atazame mti unaofuata.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetuumba kwa mavumbi na kuujua udhaifu wetu, utuokoe na kiburi cha nadhiri kubwa, utupe uaminifu katika iliyo ndogo; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.