Kijidudu cha Majini na Wajibu Wetu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twasema:

Ndugu zetu wa Voi na Taita Taveta wajua habari ya simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Simba wale walionekana kwa macho, na mwisho wakauawa kwa bunduki. Lakini yuko adui asiyeonekana, naye ni kijidudu cha kipindupindu. Katika mwendo wake majini mna mazingatio ya dini na ya dunia.

Kijidudu hiki ni bakteria. Mia tano wakipangwa kwa urefu hufika kama milimita moja tu. Nyuma ana mkia mmoja mwembamba. Wengi walidhani mikia ya bakteria hupigapiga kama ya samaki, hata katika miaka ya 1973 na 1974 ikathibitika kuwa huzunguka, mfano wa rafadha ya meli.

Penye shina la mkia pana mota. Iliyochunguzwa zaidi ni ya Escherichia coli, bakteria wa matumbo, na jamaa yake Salmonella. Protini FliF hujikusanya zikawa pete katika utando wa ndani, na chini yake pete ya FliG, FliM na FliN. Hapo huinuka shafti, ikapita katika pete za FlgI na FlgH zisizozunguka, mfano wa bushi. Kisha kiungo kilichopinda, cha FlgE, hupeleka mzunguko mkiani. Na mkia wenyewe ni protini moja, FliC, iliyorudiwa hata mara 20,000. Kandokando zimesimama MotA na MotB, tano kwa mbili katika kila fungu. Chembe za haidrojeni zenye umeme zikipita humo kuingia ndani, MotA huisukuma FliG, na mota ikazunguka kama mara 300 kwa sekunde. Kijidudu cha kipindupindu hutumia sodiamu, iliyomo katika chumvi. Na jamaa yake wa baharini, Vibrio alginolyticus, alipimwa mwaka 1994 akafikia mizunguko 1,700 kwa sekunde.

Wataalamu wameona pia kwamba sehemu ya mota hii yafanana na sindano ambayo bakteria wengine hutilia sumu katika mwili. Hilo halitutikisi. Imani yetu haikusimama juu ya fumbo, hata fumbo likifumbuliwa ianguke. Ajuaye njia ya kitu hakumwondoa Aliyekiumba.

Sasa twawaonya watu wawili. Wa kwanza ni yule asemaye elimu hii si yetu. Wa pili husikia haya akasema Subhanallah, kisha akachota maji ya mtoni akamnywesha mwanawe bila kuyachemsha. Akiambiwa, hujibu: "Rangi, tamu na harufu havikubadilika, basi maji haya ni twahara." Ndugu yetu, hukumu hiyo wanavyuoni waliiweka kwa ajili ya udhu na josho. Maji yafaayo kutawadhia huenda yakawa na maelfu ya vijidudu, na mota ile ile uliyoistaajabia ndiyo inayowafikisha kwenye ukuta wa utumbo, wakipita katika ute wake. Na kuhifadhi nafsi ni wajibu.

Mwenyezi Mungu ametuneemesha kwa chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hupita chini ya miamba ya Chyulu, na bomba likayafikisha hata Mombasa. Lakini maji safi yakitiwa katika mtungi mchafu, neema imeharibiwa kwa mikono yetu. Basi tuyachemshe ya kunywa, tufunike mitungi, tunawe kwa sabuni tutokapo chooni, na vyoo viwe mbali na visima. Mgonjwa akiharisha maji maji, apewe maji salama yenye chumvi na sukari kwa kipimo, apelekwe hospitali upesi. Asicheleweshwe kwa hirizi wala kombe.

Kustaajabu bila kutenda ni nusu ya shukrani. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa na amali njema. Amin.